Bwana harusi fundi cherehani: mhadhara kuhusu Naushad Ali

Hamjambo wote. Mniwie radhi kwa spika hii inayokoroma. Mtu niliyekuja kumzungumzia angeitengeneza kwanza ndipo akae, maana ujana wake aliuanzia dukani Lucknow, mji wa kaskazini mwa India, akitengeneza hamoniamu za watu.

Naushad Ali, mtunzi wa muziki wa sinema za Kihindi, alizaliwa huko Lucknow, tarehe 25 Desemba 1919. Baba yake alikuwa karani, na nyumbani muziki haukutakiwa kabisa. Enzi hizo sinema zilikuwa bubu, wapigaji wakikaa chini ya pazia kuzitilia muziki papo kwa papo, na kijana alikuwa akienda kuwasikiliza wao kuliko kuitazama picha. Mwaka 1937 akaenda Bombay, ndiyo Mumbai ya leo. Huko alilala kando ya barabara mtaa wa Dadar, mkabala na jumba la sinema la Broadway. Shikeni hilo jina.

Filamu ya Rattan, aliyoitungia muziki, ilipotoka mwaka 1944, nyimbo zake zikaimbwa India nzima. Lakini kwao bado aibu. Mwenyewe alizoea kusimulia kwamba wazee walipomposea mke, waliwaambia wakwe kuwa mchumba ni fundi cherehani, kwani mpiga muziki nani angemwoza binti yake? Siku ya harusi wapiga tarumbeta wakapiga nini? Nyimbo za Rattan! Bwana harusi kajiinamia, kimya, hathubutu kusema hizi zangu.

Sasa tufike nilikotaka, filamu ya Baiju Bawra, mwaka 1952. Ni kisa cha mwimbaji Baiju anayekwenda kushindana na Tansen, bingwa wa baraza la mfalme Akbar. Naushad akaamua nyimbo zisimame juu ya raga. Raga, kwa wasioijua, mkiilinganisha na maqamu za Waarabu hamko mbali: ina sauti zake, njia yake ya kupanda na kushuka, hata saa yake ya kuimbwa. Wenye sinema waliogopa: watu watakimbia! Naushad hakurudi nyuma. Katika shindano lenyewe alimwimbisha Ustad Amir Khan kwa Tansen na D. V. Paluskar kwa Baiju, mabingwa wa kweli.

Wimbo ninaoupenda mimi humo ni wa ibada ya Kihindu, Man Tarpat Hari Darshan. Uko katika raga ya Malkauns, raga ya usiku mkubwa, yenye sauti tano tu. Aliyeandika maneno ni Shakeel Badayuni, aliyetunga mahadhi ni Naushad, aliyeimba ni Mohammed Rafi. Waislamu watatu! Na hiyo ilikuwa miaka mitano tu tangu India na Pakistan zigawanywe kwa damu.

Tuzo ya kwanza kabisa ya Filmfare, tuzo za sinema za India, ya mtunzi bora, mwaka 1954, alipewa yeye kwa filamu hiyo. Baadaye ikaja Mughal-e-Azam, ya 1960, ambamo Bade Ghulam Ali Khan, bingwa mwingine wa kuimba raga, alitaja rupia 25,000 kwa wimbo mmoja ili wamwache kwa amani. Mwongozaji K. Asif akakubali palepale.

Sisi wa pwani filamu hizo si ngeni. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa sehemu kubwa ya taarab yake aliijenga kwa mahadhi ya sinema za Kihindi, na wengi wetu tumeyacheza harusini bila kuuliza nani aliyatunga.

Naushad alifariki Mumbai tarehe 5 Mei 2006. Lakini mimi humkumbuka usiku ule Baiju Bawra ilipofunguliwa, na ilifunguliwa Broadway hiyo hiyo. Alisimama akaangalia ng'ambo, pale alipokuwa akilala, machozi yakamtoka. Mwongozaji Vijay Bhatt akamuuliza kulikoni. Akamjibu kwamba kuivuka barabara ile kumemchukua miaka kumi na sita.

Kijana wa mitambo, tuwekee ile Malkauns. Na kama spika itakoroma tena, izime, nitaimba mwenyewe.