Udi wa Kuagiza na Hewa ya Lamu

Assalaam alaykum, wazee wangu, mabibi na mabwana, na nyinyi vijana mliobeba ala zenu hadi hapa katika jua hili. Nimeombwa nizungumze juu ya kuagiza udi kwa fundi wa ng'ambo, yaani udi ile ala ya nyuzi, si ule wa kufukiza, unaotengenezwa kwa mkono, kwa ajili yako, na mtu ambaye huenda hutaonana naye maishani. Sikuja kumkataza yeyote. Mji uliomlea Zein l'Abdin, yule mpiga udi mashuhuri, hauwezi kuambiwa uache kutamani udi mzuri, na anayeutamani mara nyingi hutazama Cairo, Istanbul, Damascus au Baghdad, ambako ufundi huo umerithiwa kwa vizazi. Nililokuja kusema ni moja tu. Wengi wetu tukiagiza huogopa kukutana na tapeli, na tapeli wapo, lakini hasara kubwa niliyoipata mimi niliipata kwa fundi mwaminifu aliyetengeneza sawasawa kile nilichomwandikia.

Nilimwandikia kwamba nataka udi wa kawaida. Neno hilo, kawaida, ndilo lililonigharimu. Mkono wangu umejifunzia udi wa Kituruki, ambao urefu wa uzi wake, kuanzia kile kijiti cha shingoni unapoegemea hadi kwenye kibao kinachoushika usoni, ni takriban sentimita 58.5. Kwa fundi yule, aliyekulia katika mji wa Waarabu ulioko mbali na bahari, udi wa kawaida una uzi wa sentimita 61 au zaidi kidogo. Mtu atauliza, sentimita mbili na nusu ni kitu gani? Kwa seremala wa milango si kitu. Kwa kidole kinachotafuta sauti kwenye shingo isiyo na alama yoyote ya kukielekeza, ni sauti kukosewa kila unaposhuka chini, na ni miezi ya kujifunza upya jambo ambalo mkono ulikuwa umeshalihifadhi.

Tena halikuishia kwenye vidole. Uzi ule ule ukitakiwa kutoa sauti ile ile, ukarefushwa kutoka sentimita 58.5 hadi 61, mvuto wake unaongezeka kwa karibu asilimia 9. Waturuki nao hukaza nyuzi zao juu zaidi ya Waarabu kwa sauti nzima moja, na hatua hiyo peke yake huongeza mvuto kwa takriban robo. Mimi, kwa kutojua, nilichukua udi mrefu wa Kiarabu nikaukaza kwa sauti za Kituruki, kwa nyuzi zile zile, na hivyo nikaubebesha uso wake mzigo uliozidi kwa takriban robo ule ambao fundi aliukusudia. Uso wa udi ni ubao wa unene wa milimita mbili hivi. Kile kibao cha nyuzi kilianza kuinama mbele kabla ya mwezi kwisha, na nilipomwandikia fundi kulalamika, alinijibu kwa adabu akiniuliza niliukaza kwa sauti gani. Sikuwa na la kumjibu.

Kwa hiyo barua ya kuagiza isiwe na neno kawaida hata mara moja. Andika urefu wa uzi kwa milimita. Andika upana wa shingo pale nyuzi zinapoanzia, idadi ya nyuzi, kama ni 11 au 13, na sauti ya kila jozi kuanzia ya chini hadi ya juu. Kama unapiga kwa mkono wa kushoto, liseme hilo mwanzo kabisa. Kama kuna udi wa mwenzako unaokufaa, uombe, upime kwa rula, uupige picha pamoja na rula yenyewe, kisha picha hiyo uipeleke. Picha haina haja ya mkalimani, na hilo si dogo pale ambapo wewe waandika Kiswahili au Kiingereza cha kuungaunga na yeye anasoma Kituruki.

Sasa nije kwenye hewa, na hapa mtanivumilia, maana nitakaa kidogo. Mbao hazifi mti unapokatwa. Huendelea kunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Katika mji mkavu, ambako hewa ina unyevu wa asilimia 40 hivi, ubao hutulia ukiwa na maji yapatayo asilimia 7 au 8 ya uzito wake mkavu. Hapa kwetu, ambako hewa hukaribia asilimia 80 kwa sehemu kubwa ya mwaka, ubao huo huo utaendelea kunywa hadi ufikie asilimia 15 au 16. Hautarefuka, kwa kuwa mbao haziendi sana kwa urefu, bali utapanuka kwa upana, na uso wa udi wenye upana wa sentimita 36, uliopasuliwa vizuri kwa mti wa jamii ya misonobari ya nchi za baridi, unaweza kutaka nafasi ya ziada ya kama milimita 3. Nafasi hiyo haipo. Kingo zake zimegundishwa pande zote kwenye mbavu, yaani vile vibao vyembamba vinavyounda mgongo wa udi. Basi uso hutuna, nyuzi hupanda juu ya shingo hadi kidole kiumie, na vigingi vya kukazia, ambavyo navyo ni mti, huvimba katika matundu yake vikakwama kama vilivyopigwa misumari.

Wazee wetu waliyajua haya kwa njia yao. Ngoma hulegea kwa unyevu, na kila mpigaji anajua kuiota moto kabla ya kuanza. Kibangala, ile ala ya nyuzi ya kale, kilichongwa kwa gogo moja na kuwambwa ngozi, na ngozi inaweza kuwambwa upya. Udi hauotwi moto, na uso wake hauwambwi upya bila kuufungua.

Jambo lililonishangaza zaidi lilikuja baadaye. Nilidhani ala ikishazoea unyevu wa pwani, yamekwisha. Lakini ubao uliotaka kupanuka ukabanwa usipanuke hujikunja ndani kwa ndani, nyuzinyuzi zake zikapondeka, na siku utakapokauka tena hurudi mwembamba kuliko ulivyotoka kwa fundi. Mimi niliuchukua udi wangu kwenda Nairobi mwezi wa pili, kwa ajili ya harusi, wakati kule hewa ni kavu. Usiku wa pili nilisikia mlio mdogo chumbani, kama mtu aliyevunja kijiti. Ulikuwa ufa, umefuata mshipa wa ubao kutoka chini ya kibao cha nyuzi hadi ukingoni.

Fundi akiambiwa mapema, yapo anayoweza kufanya. Anaweza kuziacha mbao zake zitulie katika chumba chenye unyevu unaokaribia wa kwetu kabla ya kuzigundisha, anaweza kuweka shingo kwa pembe inayosubiri uso utune kidogo, na anaweza kuchagua gundi, kwa sababu ile gundi ya kale inayochemshwa kwa ngozi za wanyama hulegea pale joto na unyevu vinapokutana. Nasisitiza, akiambiwa. Mtu aliyeishi maisha yake yote katika hewa kavu hatajiuliza kusi huku linakuja na nini.

Kuhusu safari yenyewe nitasema kwa ufupi. Kichwa cha udi kimekunjwa nyuma kwa pembe kali, na mara nyingi hukatikia hapo kinapoungana na shingo, kwa sababu ala ikianguka uzito wote huangukia sehemu hiyo. Mwombe fundi alegeze nyuzi bila kuzitoa, ajaze nguo au karatasi chini na juu ya kichwa, na aweke mfuko mgumu ndani ya sanduku jingine. Sisi tuna hatua ambayo mteja wa Nairobi hana: mzigo ukishafika Mokowe bado unapanda boti. Udi wangu ulivuka bahari kubwa salama salimini, ukalowa mkondo wa Mokowe. Siku hizi mimi huenda mwenyewe kuupokea mzigo, na hufungua sanduku mbele ya aliyeniletea, huku nikipiga picha kila tabaka.

Lipo pia la mapambo, ambalo vijana hulidharau. Udi wa zamani, na hata baadhi ya mipya inayojifanya ya zamani, huwa na vipande vya pembe za ndovu au gamba la ng'amba. Vyote viwili vimo katika orodha ya kwanza, iliyo kali kabisa, ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na Kenya, iliyochoma tani 12 za pembe mwaka 1989 na tani 105 mwaka 2016, haina mzaha katika jambo hilo. Udi wenye vitu hivyo unaweza kuzuiwa usikufikie, na wewe ukabaki na maelezo ya kutoa. Kwa upande wa mbao, jamii nzima ya Dalbergia, ambayo mpingo wetu ni mmojawapo, iliingizwa katika orodha ya pili mwanzoni mwa 2017. Mwishoni mwa 2019 ala zilizokwisha kutengenezwa zilisamehewa, isipokuwa zile za Dalbergia nigra ya Brazili, ambayo imo katika orodha ya kwanza tangu 1992. Mwambie fundi akuandikie kwa jina la kitaalamu kila mti alioutumia, karatasi hiyo isafiri na mzigo. Kama ametumia mti wa jozi, yaani walnut, kwa mbavu, huna la kuhofia upande huo.

Fedha nazo. Fundi kudai nusu kabla ya kuanza ni haki yake, kwani mbao hazinunuliwi kwa salamu. Lakini jua kwamba pesa zilizotumwa benki kwa benki ni taabu kuzirudisha, na za kadi zina njia ya kulalamikia. Ushuru hapa haupigwi kwa bei ya udi peke yake bali kwa bei pamoja na bima na nauli, na VAT ya asilimia 16 hupigwa juu ya jumla hiyo na ushuru wenyewe. Anayemwomba fundi aandike bei ndogo kwenye ankara ajue kwamba bima nayo italipa bei hiyo ndogo. Kuhusu matapeli, wengi huonyesha picha za kazi za wengine, kwa hiyo omba video fundi akiwa ameshika ala pamoja na karatasi yenye jina lako. Na anayekuuzia udi mkuukuu kwa sababu tu ndani una kibandiko cha fundi mashuhuri wa zamani, Manol wa Istanbul, au cha ukoo wa mafundi wa Nahat wa Damascus, mkumbushe kwamba kibandiko ni karatasi, na karatasi huchapwa.

Udi wenyewe ninao hapa. Seremala mmoja wa mtaani kwetu, ambaye kazi yake ni viti na milango, aliziba ule ufa kwa vibanzi vyembamba kutoka ndani, akiingiza mkono kupitia tundu la uso, na nyuzi sasa nimezishusha kwa sauti za Kiarabu kama alivyokusudia aliyeutengeneza. Nitaupitisha mbele. Pitisheni kidole kutoka kibao cha nyuzi kwenda ukingoni, mtaukuta mshono; ila nawasihi, kigingi cha tatu msikiguse, bado kimekwama tangu masika.