Gundi ndiyo breki

Mhadhara kwa wanafunzi wa ufundi magari na mafundi wa gereji, Mtwara

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo.

Historia naiacha. Habari za Bertha Benz, aliyemwomba fundi viatu njiani mwaka 1888 agongelee ngozi kwenye breki zake, mlifundishwa mwaka wa kwanza. Nimekuja kwa jambo moja, na walionisikia siku za nyuma wanivumilie, nalirudia kwa sababu bado halijaingia. Lori likifeli breki mlimani, tunasema dereva alikimbiza, au upepo wa breki uliisha. Mara nyingi ni kweli. Lakini nani hapa amewahi kuuliza lainingi zile, yale mabamba yanayobana ngoma ya chuma ya gurudumu, zilishikwa na gundi gani?

Tuseme kashata. Una nazi, una karanga, na sukari ndiyo inayovishika. Isahau kashata jikoni uone. Karanga zitabaki karanga, ila sukari itageuka mkaa na kashata yote itamong'onyoka mkononi. Lainingi ni hivyo hivyo. Ndani mna nyuzi za chuma, grafiti, unga wa mpira na madini ya kujazia, zaidi ya vitu kumi. Kinachovishika ni gundi ya kiwandani iitwayo rezini ya fenoli, ya ukoo ule ule wa Bakelite, plastiki ya Leo Baekeland ya mwaka 1907. Kwa uzito ni kama asilimia 10 tu ya lainingi, au ya pedi, ambayo ni lainingi ya breki za diski, na hiyo 10 ndiyo inayotangulia kufa. Joto likivuka nyuzi 300 hivi, rezini ya kawaida inaanza kuvunjika. Inatoa gesi, na gesi inakaa kati ya pedi na chuma. Dereva anakanyaga, mguu unafika, gari haishiki.

Nilijifunza hayo kwenye mlima wa Kitonga kabla sijayasoma popote. Nilikuwa mwanafunzi, nimepanda lori la mbao kutoka Mafinga. Tulipofika katikati ya mteremko ikaanza harufu, ile mnayoijua, kama kwato zinaungua. Dereva akanyamaza. Utingo akatoa kichwa dirishani, akarudisha, akasema moshi unatoka nyuma kushoto. Mungu alisaidia gia ilikuwa nzito, tukafika chini taratibu, jiwe likawekwa kwenye tairi. Utingo akashika dumu la maji akamwage kwenye ngoma. Dereva alimpigia kelele ambayo bado naisikia, maana ngoma yenye moto ukiimwagia maji inapasuka. Tukangoja karibu saa mbili. Ngoma ilipofunguliwa, nilishika lainingi nikaimega kwa vidole viwili. Ilikuwa nyeusi, inang'aa juu kama kigae, na ndani ni unga. Dereva alisema ana wiki mbili tangu aifunge. Wiki mbili!

Sasa hesabu, na hii muiandike. Lori la tani 56 likishuka mita 100 kwenda chini, linaachia nishati ya megajuli 55. Nishati hiyo inatosha kuchemsha lita 175 za maji kutoka nyuzi 25. Kwa kila mita 100! Sehemu inachukuliwa na injini, tairi na upepo. Inayobaki inaingia kwenye ngoma, na mlinzi wake wa mwisho ni hiyo asilimia 10 ya gundi.

Najua mtakaloniambia: mwalimu, si tutumie breki ya injini? Tumieni! Mwanzo kabisa, kabla mguu haujagusa breki. Sipingani na gia nzito hata siku moja. Mwingine atasema tununue orijino, yaishe. Orijino ya gari gani, lililobeba nini, linaloshuka wapi? Na boksi linasema orijino, lakini boksi halikuonyeshi tanuru. Rezini hii inachanganywa na kemikali iitwayo heksamini ili igande, inakandamizwa kwenye joto la nyuzi kama 160, kisha inaokwa tena kwa saa kadhaa. Wakati wa kukandamiza lazima kalibu, lile umbo la kukandamizia, ifunguliwe kidogo gesi ipumue, la sivyo pedi inatoka na mapovu tumboni. Anayepunguza saa za kuoka ili auze nyingi, anakuuzia pedi mbichi. Kwa macho hutaijua, wala kwa kucha.

Na hapa ndipo Mtwara inapoingia, ndiyo maana sikukubali mhadhara huu ufanyike mahali pengine.

Mama zetu wanaobangua korosho wanapaka majivu mikononi. Kwa nini? Kwa sababu mafuta ya ganda yanaunguza ngozi. Mafuta hayo ni kama robo ya uzito wa ganda, na ukiyapasha moto unapata kadanoli. Kadanoli ni fenoli yenye mkia wa atomi 15 za kaboni. Ni fenoli, jamani! Ya ukoo ule ule unaotengeneza rezini. Viwanda vya breki duniani vimeitumia kwa miongo mingi. Wanaigandisha, wanaisaga unga, wanautia kwenye pedi ili mshiko utulie na kelele zipungue. Mkia ule unaondoa ukakamavu wa rezini, isipasuke kama kigae. Sisi tunapakia korosho ghafi kwenye meli kwenda India na Vietnam, ganda na mafuta yake ndani, kisha tunanunua pedi.

Msinielewe vibaya. Korosho peke yake haishindi moto, na unga wake nao huungua joto likizidi. Anayewaambia vinginevyo anauza kitu. Kwa joto kubwa rezini huongezewa boroni, kwa kuwa kifungo cha boroni na oksijeni ni kigumu kukatika kuliko cha kaboni na kaboni. Ila rezini ya boroni haipendi unyevu, na hapa pwani ukiiweka stoo wazi umeiharibu. Ipo pia rezini nyingine, benzoksazini, ambayo ikiganda haitoi maji wala amonia, kwa hiyo mapovu hupungua. Nayo inaweza kutengenezwa kwa kadanoli. Ningekuwa na mwanafunzi mmoja na tanuru moja, ningeanzia hapo.

Klachi nilitaka kuigusa, muda umenitupa mkono. Neno moja tu: dereva anayelishikilia gari mlimani kwa nusu klachi anaoka gundi ile ile, na sahani ya klachi inazunguka, kwa hiyo ikilegea inatawanyika.

Mezani pana vipande viwili vya lainingi moja. Cha kulia hakijaguswa. Cha kushoto kilikaa kwenye jiko la mkaa tangu alfajiri hadi saa mbili. Njooni mvimege wenyewe, na vumbi lake msilipulize.