Mwacheni Mama Atembee: Wiki za Kwanza Baada ya Kubadilishiwa Goti

Assalaam aleikum. Mama zangu na baba zangu, shikamooni. Nyinyi vijana mliojibanza nyuma karibu na mlango, sogeeni mbele. Maneno mengi ya leo ni yenu.

Mimi kazi yangu ni fizio, yaani kuwarudishia watu mwendo kwa mazoezi. Nafuata wagonjwa majumbani hapa Mombasa, Mji wa Kale, Majengo, Bamburi, hata ng'ambo Likoni. Na nitasema jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi yenu. Mgonjwa anayenisumbua zaidi si yule anayeishi peke yake. Huyo hana budi kuinuka, maana chai haijipiki. Anayenisumbua ni mama mwenye watoto wengi na wakwe wengi, wote wana mapenzi. Maji analetewa, chakula analetewa, hata simu ikilia analetewa sikioni. Akijaribu kuinuka, watu watatu wanamrukia: "Keti mama, keti, wataka nini?" Chini ya goti amewekewa mto mkubwa ili apumzike. Ikifika wiki ya sita, goti halikunjiki sawasawa wala halikunjuki, na nyumba nzima inasema daktari aliharibu.

Basi natuelewe daktari alifanya nini. Ameondoa ncha za mifupa zilizosagika, ya paja na ya ugoko, akazivisha chuma, na katikati akaweka plastiki ngumu. Kifaa chenyewe ni imara. Wagonjwa wamefuatiliwa kwa miaka mingi katika nchi kadhaa, na zaidi ya magoti nane kati ya kumi huwa bado yanafanya kazi baada ya miaka 25. Lakini chuma hakitembei chenyewe. Kinachokitembeza ni msuli mkubwa wa mbele ya paja, na mwezi wa kwanza msuli huo unaweza kupoteza nusu ya nguvu zake, hata zaidi. Goti likivimba na kuuma, ubongo huuzuia msuli usifanye kazi. Mgonjwa anauamuru mguu unyanyuke, na mguu hausikii. Wakati huohuo, ndani ya goti kovu linajijenga. Kovu bichi hunyooshwa, likishakomaa ni shida. Kwa hiyo goti linalolala limekunjwa juu ya mto kwa wiki nzima linazoea kukaa vile. Wengine huishia kurudishwa hospitali, wakalazwa kwa dawa ya usingizi ili daktari alikunje goti kwa nguvu zake. Hakuna anayetaka hilo.

Mto uondoeni chini ya goti. Nasema tena kwa sababu kesho nikija nitaukuta. Mkitaka kuuinua mguu, na kuuinua ni vizuri kwa sababu uvimbe hushuka, wekeni mto chini ya kisigino, goti lining'inie bila kitu chini yake. Mgonjwa alale chali, mguu uwe juu kuliko kifua. Itauma nyuma ya goti. Hayo ndiyo maumivu tunayoyataka, goti linanyooka. Watu wote wanauliza goti litakunjika lini, ni wachache wanaouliza kama litanyooka, na goti lisiponyooka mtu huchechemea maisha yake yote.

Kukunja nako kuna hesabu yake. Kwa kawaida tunataka wiki mbili hivi zikipita goti lifike digrii 90, yaani uketi kitini na ugoko ushuke wima. Hizo 90 zinatosha kuinuka kitini. Baadaye wengi hufika 110 au 120. Mazoezi yenyewe ni mepesi kuyaeleza: kupampu kifundo cha mguu juu na chini kila ukumbukapo, kukaza paja ukilisukuma goti chini kitandani, kuburura kisigino kuelekea makalio na kukirudisha. Mara tatu kwa siku, na dawa ya maumivu uimeze nusu saa au zaidi kabla ya kuanza. Kuna watu hapa wanaona fahari kutomeza dawa. Mtu huyo hafanyi mazoezi, anakunja uso tu. Ila dawa iwe ile uliyoandikiwa. Usiongeze Brufen ya dukani juu ya dawa ya kuyeyusha damu, tumbo linaweza kutoka damu. Na zile dawa kali za maumivu hufunga choo, kwa hiyo papai, maji mengi, na kutembea.

Kutembea kwenyewe ni kidogo kidogo, mara nyingi. Kila saa nenda hadi jikoni urudi. Ukiona jioni mguu umevimba kupita jana, leo ulizidisha, kesho punguza. Barafu isaidie: ivingirishe kwenye taulo, dakika 15 hadi 20, isiguse ngozi. Stima ikikatika, kila mtaa una mama anayeuzia watoto barafu. Mtumeni mjukuu, lakini mwambieni asiilambe njiani.

Sasa nije kwenye kuchua. Najua mtanichukia. Hapa pwani mguu ukivimba, kabla ya jogoo kuwika keshaitwa mchuaji na chupa yake ya mafuta. Kwa mgongo uliokaza sina ugomvi naye. Kwa mguu uliotoka kupasuliwa, hapana. Wiki hizi za kwanza ndizo damu huwa tayari kuganda ndani ya mishipa ya mguu, hasa kwenye shavu la mguu, na hatari hiyo haishi haraka, hujivuta hadi miezi mitatu hivi. Bonge la damu likiwa limekaa pale na wewe ukalikandamiza, linaweza kung'oka likapanda hadi kwenye mapafu. Mtu huyo anaweza kufa sebuleni. Ndiyo maana umepewa zile sindano za tumboni au vidonge. Vimalize kama ulivyoandikiwa, hata ukijisikia umepona.

Niwape alama za kukimbilia hospitali. Shavu la mguu linauma, limekuwa gumu, limevimba ghafla: nenda leo. Pumzi imekata, kifua kinachoma: nenda dakika hii, usingoje gari la mjomba. Mshono unatoa maji au usaha, wekundu unatambaa, homa na kutetemeka: mpigie daktari aliyekupasua. Usipitie kemisti kununua viuavijasumu. Dawa hiyo hufunika moto juu huku majivu yanawaka chini, na daktari akija kupima hapati mdudu wa kumtibu.

Lakini pia msiogope kila kitu. Goti kuwa la moto kwa miezi kadhaa ni kawaida. Weusi unaoshuka hadi kwenye kifundo ni kawaida. Ganzi upande wa nje wa kovu, na sauti ya "tak" unapotembea, pia kawaida.

Wageni. Mwenyezi Mungu awalipe wanaokwenda kumkagua mgonjwa, ni sunna na ni utu. Lakini mgonjwa anavishwa dera jipya, anaketishwa sofani mguu ukining'inia kwa muda wa saa tatu, na mazoezi yote ya alasiri yamepotea. Tena wanakuja na haluwa na kashata, na mgonjwa ana sukari. Sukari ikipanda kidonda hakifungi na vijidudu vinapata karamu. Mgeni ukienda, beba mapapai, keti robo saa, kisha mwambie: "Haya mama, twende hadi mlangoni turudi." Hiyo ni ziara yenye faida. Na mgonjwa usione haya kuburura kisigino mbele ya wifi zako.

Nyumba zetu zina mitego. Mikeka na mazulia madogo kunjeni. Waya wa feni upitisheni ukutani. Pindo la dera lipandisheni. Ndara za kuchomeka kidole ziwekeni kando, mgonjwa avae champali yenye mkanda wa nyuma. Kiti cha plastiki chepesi kinateleza na kupinduka. Tafuteni kiti kizito cha mbao chenye mikono, kirefu kiasi kwamba akiketi nyonga iwe juu ya goti. Kitanda cha kamba kilicholegea hakimfai, kitanda kirefu kinamfaa. Na mama anayependa kukuna nazi mwenyewe, kibao cha mbuzi kikae ukutani. Kile ni kiti cha chini kuliko vyote nyumbani.

Choo ndicho hasa. Nyumba nyingi tuna choo cha kuchuchumaa, na goti jipya halichuchumai. Kabla ya siku ya upasuaji, si baada, fundi seremala atengeneze kiti chenye tundu cha kuweka juu ya choo, chenye mikono ya kushikia. Nimeona wagonjwa wanajinyima maji ili wasiende chooni. Huko ndiko kuzidisha kufunga choo na kuugua mkojo.

Kuhusu swala, sitajifanya sheikh. Nitasema la mwili tu. Kukaa tahiyatu kunahitaji goti likunjike kabisa, na goti bandia kwa wengi halifiki huko. Swalini juu ya kiti, na kuhusu jeraha na udhu muulizeni imamu wenu, atawaeleza kupangusa juu ya bendeji. Ramadhani ikiangukia wiki hizi, dawa zina saa zake, zungumzeni na daktari na sheikh mapema.

Ngazi na mkongojo, halafu maswali. Kupanda, mguu mzima unatangulia, uliopasuliwa unafuata. Kushuka, uliopasuliwa unatangulia. Na mkongojo mmoja unashikwa mkono wa upande wa mguu MZIMA. Nawaona mnatikisa vichwa. Hebu simameni mtembee: mguu wa kulia ukienda mbele, mkono gani unakwenda nao? Wa kushoto. Basi mkongojo ukiwa mkono wa kushoto unapokea uzito wakati uleule mguu wa kulia unapokanyaga. Ukiushika upande wa maumivu unainamia maumivu.

Naam, mzee, uliza. Anakaa ghorofa ya tatu na hakuna lifti. Mzee, huko hospitali hawatakuruhusu utoke bila kukupandisha ngazi chache. Siku ya kurudi nyumbani panda polepole, weka kiti kila ghorofa upumzike, na mtu akufuate nyuma yako, asikuvute mkono. Ukishafika, usishuke kila siku kwa sababu ya baraza. Shuka kwa miadi: nyuzi au pini hutolewa karibu wiki ya pili, na daktari hukuona tena karibu wiki ya sita. Tuktuk ina nafasi finyu ya mguu. Gari ndogo, kiti cha mbele kimerudishwa nyuma kabisa, keti kwanza makalio, ndipo uingize miguu. Wa Likoni, msishuke mkapambane na umati wa feri kwa miguu. Ingieni na gari, au mzunguke kwa barabara ya Dongo Kundu.

Mama hapa anauliza umra. Wiki hizi za kwanza hapana, safari ndefu ya ndege na kukaa kitini huongeza hatari ile ya damu kuganda. Baada ya miezi, kwa ruhusa ya daktari, inshallah. Saai peke yake ni karibu kilomita tatu, Safa na Marwa mara saba, hivyo anza kujipima kwa kutembea pale ufukweni Mama Ngina asubuhi kukiwa na upepo. Na pale uwanja wa ndege mashine itapiga kelele, waambie mapema una chuma gotini.

Wenye mikongojo pangeni mstari hapa. Simama wima, mkono ushushe, mpini unatakiwa ufike mkunjo wa kifundo cha mkono. Wengi wenu mmebeba mirefu mno. Msumeno ninao.