Mwacheni Amalize Kusema

Nalisema hili kila ninapopewa nafasi, na leo nalirudia: mwenye huzuni hahitaji kwanza nasaha zako. Mwache amalize kusema.

Mtanijibu, "Kuna magonjwa ya akili yanayotaka dawa." Yapo, nani amekataa? Lakini twende Mbare, Harare, mwaka 2006. Daktari Dixon Chibanda, bingwa wa magonjwa ya akili, alikuwa amempoteza mgonjwa wake, binti aliyejiua. Familia ilikosa nauli, kama dola 15, ya kumfikisha hospitalini. Daktari yupo, yuko tayari kumpokea, nauli hakuna! Na Zimbabwe nzima mabingwa wa fani yake walikuwa wa kuhesabika. Aliopewa kusaidiana nao ni mabibi wazee 14, wahudumu wa afya wa jamii. Chumba hawakupata, wakaketi kwenye benchi nje ya kliniki kuwasikiliza wenye huzuni.

Sasa tazameni kinachofanyika pale. Chukulia mama amekuja, halali usiku. Mume hana kazi, mwenye nyumba anadai kodi, mtoto karudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Sisi tungemwambia nini? "Vumilia dada, mwachie Mungu, wenzako wana makubwa zaidi." Tumeshamfunga mdomo! Bibi hamkatizi. Anamwacha ayatoe yote, hata akilia, halafu anamuuliza: katika haya, tuanze na lipi? Mama mwenyewe anachagua, tuseme kodi. Wanapanga pamoja: utamwendea nani, lini, utamwambia nini. Baadaye anarudi benchini kueleza ilivyokwenda, na bibi anakumbuka walipoishia. Huo ndio wema ninaoupigania, wa kumpa mtu muda wako na kumkumbuka.

"Lakini bibi hana cheti." Hoja hii imenichosha. Mabibi wale hufunzwa, husimamiwa, na aliyezidiwa humpeleka kwa wataalamu. Kazi yao imepimwa pia: utafiti uliochapishwa 2016, watu 573, kliniki 24 za Harare. Baada ya miezi 6, waliokaa na mabibi wakabaki na dalili za sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, hawakufika 14 katika kila 100. Kwa waliopata huduma ya kawaida, waliobaki nazo walikuwa karibu 50.

Mabenchi hayo yamefika hadi Zanzibar. Zanzibar, jamani, ambako nyumba zina baraza tangu enzi za mababu! Pa kukaa hatujakosa. Tunachonyimana ni sikio.

 Nimalizie na la misiba. Tunajaa siku tatu, tunapika, tunalala matangani. Arobaini ikipita, mjane hapigiwi hata simu. Kama yupo mtaani kwako, nenda leo jioni. Simu iache mfukoni, muulize usiku analalaje, kisha unyamaze. Na akikwambia hataki tena kuishi, usimkemee wala usimwache peke yake: fuatana naye hospitalini, na nauli ulipe wewe.