Masafa Yasiyo na Leseni Si Shamba la Bibi

Ndugu zangu, wanaonijua wanajua naanza na namba mbili: hasi 62 na hasi 82 dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi ya redio; namba ikizidi kuwa hasi, mawimbi ni dhaifu zaidi. Leo pia naanza nazo, maana nikiuliza Wi-Fi na mitandao ya simu watagawana vipi masafa yasiyo na leseni, yale ambayo yeyote anayatumia bila kibali, bado naletewa hoja ya "soko litaamua."

Ruta ya Wi-Fi kwenye gigahezi 5 husikiliza kwanza ndipo irushe. Ikisikia Wi-Fi mwenzake, hata kwa hasi 82, inanyamaza. Mgeni asiyezungumza Wi-Fi, ruta haimjali mpaka afike hasi 62. Tofauti ni desibeli 20, yaani nguvu mara mia! Sasa mnara mdogo wa simu unaingia kwenye masafa hayo hayo kwa hasi 70. Ruta haina habari, inarusha, pakiti ya data inaharibika. Inadhani imegongana na mwenzake, basi inajiongezea kikomo cha kusubiri: nafasi 15 za muda zinakuwa 31, halafu 63, mpaka 1023. Mwenye adabu ndiye anayekula adhabu.

Najua, mhandisi pale nyuma anataka kuniambia LTE-U, mfumo wa kampuni za simu wa kutumia masafa haya ya Wi-Fi, ilikuwa ikiwaka na kuzima kwa zamu. Ilikuwa, sikatai. Inapima msongamano, inajipunguzia muda wa kuwaka. Lakini ikirudi hewani haipigi hodi, inaingia tu, hata kama pakiti ya mwenzake iko njiani! Ulaya na Japani, ambako sheria inataka kifaa kisikilize kwanza, haikupata mlango. Marekani sheria haikudai hivyo, na Februari 2017 FCC, mamlaka yao ya mawasiliano, ikaidhinisha vifaa vya kwanza vya LTE-U. Wi-Fi Alliance, umoja wa kampuni za Wi-Fi, ilikuwa imetoa utaratibu wa majaribio Septemba 2016, wa kupima kama LTE-U inaishi vizuri na Wi-Fi. Wa hiari. Hiari, jamani!

LAA, mfumo mwingine wa simu kwenye masafa haya, uliomo katika toleo la 13 la viwango vya 3GPP, muungano unaoandika viwango vya simu, angalau inasikiliza, kwa hasi 72. Afadhali. "Basi yamekwisha," mtasema. Yamekwishaje? Wi-Fi ya hasi 78, ambayo ruta yoyote ingeinyamazia, LAA inapita juu yake.

Gigahezi 6 nilitaka niifafanue, mwenyekiti ananionyesha saa. Kwa kifupi: Marekani iliachia megahezi 1200 bila leseni mwaka 2020. Dubai, 2023, mkutano wa dunia wa redio ukaitaja sehemu ya megahezi 6425 hadi 7125 kwa ajili ya simu katika Kanda ya 1, na Afrika yote imo humo. Kuitaja si kuigawa. Kila nchi itaamua yenyewe.

Haya, maswali. Aanze mhandisi wa nyuma, namwona hajaridhika.