Msimamizi na Kidonda Kisichoonekana

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Wengi wenu ni wakuu wa idara, kwa hiyo nitasema juu ya yale yaliyo mikononi mwenu mfanyakazi anapobeba kiwewe, yaani jeraha la akilini linalobaki baada ya tukio la kutisha.

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie, watu zaidi ya 200 walikufa hapa Nairobi na maelfu wakajeruhiwa. Kabla ya mlipuko mkubwa kulisikika kishindo kidogo. Watu katika ofisi za jirani wakaacha kazi, wakakimbilia madirishani kuona kuna nini. Vioo vikawakuta hapo hapo. Ndiyo maana wengi walipoteza macho.

Sasa mfikirieni mhasibu aliyenusurika. Mnahamia ofisi mpya, naye anaomba asipewe meza ya dirishani. Bosi anamwona msumbufu. Tairi la lori linapasuka barabarani, anatoka mkutanoni bila kuaga. Anaandikiwa barua ya onyo. Hatajieleza, maana mjini hapa ukitaja kwamba akili imechoka, watu wanaanza kunong'ona Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili.

Nasema hivi: msimamizi si tabibu, wala asijaribu kuwa. Msimwite mtu awasimulie yaliyompata. Kumlazimisha ni kumtonesha kidonda. Kiwewe humfanya mtu akae macho akisubiri pigo lijalo. Kinachomtuliza kazini ni kujua mapema kitakachotokea, na hilo liko ndani ya uwezo wenu kabisa.

Chukueni ujumbe huu: "Jumatatu saa mbili ufike ofisini kwangu." Umetumwa Ijumaa jioni, basi. Aliyeupokea hatapata usingizi hadi Jumatatu. Ongezeni tu: "Tupitie ripoti ya Machi, hakuna ubaya." Zoezi la kengele ya moto, litangazeni mapema. Anayetaka kukaa akiutazama mlango, mwacheni akae, na asidaiwe sababu.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Wengi wenu hukifuata ili msishtakiwe. Naomba mkifuate hata kwenye onyo dogo. Mtu aliyeumizwa akiwa peke yake husikia vizuri zaidi akiwa na mwenzake pembeni.

Lipo jambo linaloniuma kuliko yote. Baada ya mashambulizi ya kigaidi hapa Nairobi, kwenye jengo la maduka la Westgate mwaka 2013 na hoteli ya Dusit mwaka 2019, sote tunajua kwamba hatari ikija, inaanzia langoni. Lakini mlinzi wa langoni mara nyingi ameajiriwa na kampuni nyingine. Mshauri nasaha akiletwa ofisini, jina la mlinzi halimo kwenye orodha, na asubuhi anarudi kwenye lango lile lile. Mama wa usafi aliyefuta damu naye hayumo.

Mikataba yenu na kampuni za ulinzi na usafi inataja sare, zamu na malipo. Wekeni kifungu kimoja zaidi: likitokea tukio, watu wao watapata ushauri ule ule, siku zile zile, bila kukatwa mshahara, na wakiomba kubadilishiwa kituo, wabadilishiwe. Mkirudi ofisini leo, muulizeni mwanasheria wenu mkataba huo unaisha lini.