Tenki la Maji ni la Nani?

MTHAMINI: Karibuni tena. Leo ni kugawana mali ya wanandoa wanaoachana, na Dada Wakili amekuja na mambo matatu kwenye karatasi. Mimi nimekuja na tenki.

WAKILI: Kaka, tenki gani tena?

MTHAMINI: Jumanne nimekwenda kupima nyumba ya wanandoa wenye kesi ya talaka. Nafika, mume yuko juu ya mnara na spana, anafungua tenki la lita 2,000. Ati hilo si sehemu ya nyumba.

WAKILI: Hata alihamishie kwa jirani, litahesabiwa. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 kinagusa mgawanyo wa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja wakati wa ndoa. Hakiulizi imefungwa kwa nati ngapi.

MTHAMINI: Mimi nauliza. Likiwa juu ya mnara wa zege na bomba zimeingia ukutani, thamani yake imo ndani ya nyumba. Likiwa limewekwa chini tu, naliandika peke yake. Watu hukosea kuliandika kote kuwili, mtu anakatwa tenki ambalo halipo.

WAKILI: (anacheka) Tenki hewa! Haya, turudi kwenye karatasi yangu.

MTHAMINI: Ngoja, tenki lina mkia. Kiwanja na boma, yaani kuta bila paa, hadi kwenye linta ya juu ya madirisha, mume alikuwa navyo kabla ya ndoa. Bati, madirisha, sakafu na tenki vikaja baada ya harusi.

WAKILI: Kifungu kidogo cha 3 hicho. Mali ya kabla ya ndoa inaingia kwenye mgawanyo ikiwa mwenzi mwingine, au wote wawili, wameiendeleza kwa kiasi kikubwa. Boma kuwa nyumba si kupaka rangi.

MTHAMINI: Lakini kinachoingia ni nyongeza. Tuseme kiwanja na boma vilikuwa milioni 15, leo nyumba ni milioni 60. Natoa 15, tunagawana 45.

WAKILI: Hapana. Nyumba nzima inaingia. Hiyo 15 ni mchango wa mume, unapimwa pamoja na mingine wakati wa kupanga mafungu.

MTHAMINI: Basi hujampa chochote kwa kutangulia.

WAKILI: Nimempa mchango mkubwa zaidi. Wewe unamkatia chake kabla mke hajafungua mdomo.

MTHAMINI: Na kiwanja kilichopanda bei chenyewe?

WAKILI: Chenyewe? Nani alikuwa anaishi hapo, anakilinda, anapika humo? Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, 1983, Mahakama ya Rufani inatambua kazi za nyumbani kuwa mchango.

MTHAMINI: Na Bi Hawa mwenyewe akatoka mikono mitupu.

WAKILI: Kwa sababu mahakama iliona alishafuja fedha alizopewa na mumewe. Msingi wa kesi umebaki.

MTHAMINI: Ripoti yangu itaonyesha boma kwa mstari wake.

WAKILI: Onyesha. Mimi nitaomba mgawanyo wa ile jumla iliyo chini ya ripoti, nyumba nzima.

MTHAMINI: Tusikubaliane basi. Huyo mke athibitishe vipi?

WAKILI: Hati ikiwa na jina la mume peke yake, kifungu cha 60 kinaanza kwa kuichukulia ni yake, hadi ushahidi useme vingine. Alete mkataba wa mauziano, miamala ya simu aliyomlipa fundi, na fundi mwenyewe aje kizimbani. Risiti za mashine zinafutika maandishi, azitoe kopi mapema.

MTHAMINI: Na mume akitaka kuuza kabla ya hukumu?

WAKILI: Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, kifungu cha 59. Asajili zuio kwa msajili wa hati, yaani pingamizi la kuuza, asingoje mnunuzi.

MTHAMINI: Zimebaki dakika mbili.

WAKILI: Mambo yangu matatu! Haya, la kwanza: kuondokeana tu hakutoshi. Mahakama inagawa ikishatoa amri ya kutengana au ya talaka. Na cheti cha Baraza la Usuluhishi la Ndoa, kinachosema suluhu imeshindikana, kisizidi miezi 6 siku unapofungua shauri la talaka. Wengi wanakiweka kabatini hadi...

MTHAMINI: Dakika moja.

WAKILI: Mafao na madeni wiki ijayo, basi.

MTHAMINI: Kumbe madeni yalikuwemo? Lile tenki lilichukuliwa kwa mkopo wa kikoba cha mke.

WAKILI: Kaka! Deni la manufaa ya wote wawili linahesabiwa! Ungeanza na hilo!

MTHAMINI: Muda umekwisha.